Ziada, Upungufu na Mizani: Kuelewa Ulinganishaji wa Umeme Jadidifu na Mahitaji katika Gridi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi umeme unaotokana na vyanzo jadidifu unavyolinganishwa na mahitaji ya watumiaji katika gridi za Afrika Mashariki, na jinsi lugha inayotumika kueleza ulinganishaji huo inavyoathiri uamuzi wa kisera. Hoja kuu ni kwamba maneno ziada na upungufu, ambayo yametawala mijadala ya umeme katika Kiswahili, yanataja kiasi peke yake, ilhali gridi husimama au huanguka kwa mambo matatu kwa pamoja: kiasi, saa na mahali. Mifano imetolewa Kenya, Tanzania, Uganda na katika miradi inayomilikiwa kwa pamoja na nchi jirani. Makala yanapendekeza istilahi chache za kuwasaidia watafiti, washauri wa sera na umma kuzungumza juu ya jambo moja kwa maana moja.

Maneno makuu: nishati jadidifu, gridi, mizani ya umeme, mgawo, istilahi, sera

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 2023 wananchi wa Tanzania walikuwa katika mgawo wa umeme. Mwezi Machi 2024, baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa, mamlaka zilitangaza kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, serikali hiyohiyo ilieleza nia ya kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kwa msikilizaji wa kawaida kauli hizi tatu zilipingana. Mwenye upungufu anawezaje kuzima mitambo? Na mwenye ziada ananunua nini kwa jirani?

Swali hilo ni la haki, na wahandisi wana jibu lake. Tatizo ni kwamba jibu hilo halikuufikia umma kwa lugha inayolibeba. Mjadala uliofuata ulijaa tuhuma na kejeli, na hapakuwa na nafasi kubwa ya kuuliza maswali yenye manufaa: umeme ule ulizidi saa ngapi, wapi, na katika msimu gani?

Makala haya yameandikwa na mtafiti wa lugha. Hayatoi takwimu mpya za uhandisi. Yanakusanya mambo yanayojulikana na kuyaeleza kwa mpangilio utakaomwezesha mshauri wa sera kuona mahali ambapo msamiati wetu unatosha na mahali ambapo unapotosha. Jambo hili lina uzito wa kifedha na wa kibinadamu. Mikataba ya umeme hudumu miaka ishirini au zaidi, na gharama zake hulipwa na kaya kupitia bei ya kila uniti. Gridi inapoanguka, wanaoumia kwanza ni wagonjwa walio katika vyumba vya upasuaji na wafanyabiashara wadogo ambao hawana jenereta. Kiswahili sasa ni lugha rasmi au ya kazi katika vyombo kadhaa vya kikanda. Umoja wa Afrika ulikipa hadhi ya lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Hadhi hiyo inatudai tuweze kujadili kwa Kiswahili mambo ambayo uamuzi wake unagharimu mabilioni ya shilingi na faranga.

2.0 Gridi hufanya nini kila sekunde

Gridi ni mtandao wa mitambo ya kuzalisha umeme, njia za kuusafirisha kwa msongo mkubwa, vituo vya kuupoza, na nyaya za kuusambaza hadi kwa mtumiaji. Mitambo yote mikubwa iliyounganishwa katika gridi moja ya mkondo geu huzunguka kwa mwendo unaolingana. Katika nchi zetu marudio ya mkondo huo ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50.

Kwa vile nyaya hazihifadhi umeme, kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, pamoja na kinachopotea njiani, katika kila sekunde ya siku. Watumiaji wanapodai zaidi ya kinachozalishwa, rota za mitambo hulemewa, kasi yake hupungua, na marudio hushuka chini ya 50. Uzalishaji unapozidi matumizi, rota huongeza kasi na marudio hupanda. Ukengeufu mdogo huvumilika. Unapokuwa mkubwa, vifaa vya kinga hukata mitambo na njia ili visiharibike. Na kila mtambo unaokatwa huiachia mingine mzigo wake. Ndivyo hitilafu ya sehemu moja inavyoweza kuiangusha gridi ya nchi nzima kwa muda mfupi.

Mizani hii hutunzwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya sekunde. Rota nzito za mitambo ya maji na ya jotoardhi hazipungui kasi ghafla. Tabia hiyo, ambayo fizikia huiita inesha, hutoa nafuu ya muda mfupi huku vidhibiti vya mitambo vikifungua milango ya maji au ya mvuke. Ngazi ya pili ni ya dakika: mwongozaji wa gridi huwa na mitambo inayozunguka bila kubebeshwa uwezo wake wote, ili aiongezee mzigo panapotokea pengo. Ngazi ya tatu ni ya saa na siku: mpango huandaliwa mapema wa mtambo upi uwashwe lini, kwa kutazama makadirio ya mahitaji, ya mvua, ya upepo na ya jua.

Vyanzo jadidifu haviingii katika mpango huo kwa namna moja. Bwawa lenye hifadhi ya maji ni rafiki wa mizani, kwa kuwa maji yanaweza kungoja. Jotoardhi hutoa umeme wa kudumu usiku na mchana, lakini visima na mitambo yake havipendi kupandishwa na kushushwa kila saa. Upepo na jua hufuata hali ya hewa. Tena paneli za jua hazina rota, na mitambo mingi ya upepo ya kisasa huungwa kwenye gridi, kikamilifu au kwa sehemu, kupitia vifaa vya elektroniki. Hivyo haichangii inesha kama mtambo wa maji, isipokuwa vifaa hivyo viwe vimepangwa kufanya kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gridi fulani ina mahitaji ya megawati 550 usiku wa manane na megawati 1,000 saa mbili usiku. Jotoardhi yake hutoa megawati 400 wakati wote. Upepo hutoa megawati 250 usiku wa manane na 80 saa mbili usiku. Usiku wa manane, hata mabwawa yakifungwa yote, uzalishaji ni megawati 650. Megawati 100 hazina pa kwenda. Hali ikidumu saa tano, megawati-saa 500 hupotea. Saa mbili usiku jotoardhi na upepo hutoa 480. Panahitajika 520 zaidi. Ikiwa mabwawa yana uwezo wa megawati 400 na njia ya jirani inaweza kuleta 50, pengo ni megawati 70. Likidumu saa tatu, ni megawati-saa 210 za mgawo.

Nchi hiyo, katika siku moja, ina ziada ya megawati-saa 500 na upungufu wa megawati-saa 210. Atakayejumlisha hesabu ya siku nzima atasema umeme unatosha na kubaki. Aliyeko gizani saa mbili usiku atasema hautoshi. Wote wawili wamesema kweli. Methali yetu inasema akiba haiozi; umeme usiohifadhiwa huoza katika sekunde ileile uliyozalishwa.

3.0 Saa: Upepo wa Loiyangalani na mvuke wa Olkaria

Kenya ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi tatizo la saa. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na vyanzo jadidifu, na jotoardhi, hasa ya Olkaria, ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko vyote. Mwaka 2025 kilele cha mahitaji kilivuka megawati 2,300. Kilele hicho huja jioni, watu wanaporudi nyumbani, kuwasha taa na kupika. Usiku wa manane mahitaji hushuka yakakaribia nusu ya kilele.

Katika mazingira hayo uliingia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit: mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Mitambo ilikuwa imesimikwa mwaka 2017, lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme Suswa haikuwa imekamilika hadi Septemba 2018, na serikali ililazimika kulipa fidia kwa ucheleweshaji huo. Hilo ni funzo la kwanza: mtambo usio na njia si umeme.

Funzo la pili linahusu upepo wenyewe. Upepo unaopita katika bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, yaani wakati ambapo nchi imelala. Mkataba wa mradi unamtaka mnunuzi alipie umeme hata asipouchukua. Kwa hiyo mwongozaji wa gridi anapokutana na upepo mwingi saa nane usiku hana budi kupunguza chanzo kingine, na mara nyingi kinachopunguzwa ni jotoardhi: mvuke uliochimbwa kwa gharama kubwa huachiwa hewani. Mwenye kulaumu upepo na mwenye kulaumu mvuke wote wamekosea shabaha. Kilichokosekana ni mtumiaji wa saa nane usiku.

Kenya imejaribu kumtafuta mtumiaji huyo. Kuanzia Desemba 2017 viwanda vilipewa bei ya nusu kwa umeme unaotumika nje ya saa za kilele, kwa masharti ya kuongeza matumizi. Hatua hiyo ilitambua hadharani kwamba uniti moja ya saa saba usiku si sawa na uniti moja ya saa mbili usiku. Hata hivyo, kiwanda hakihamishi zamu kwa sababu ya bei pekee. Kinahitaji wafanyakazi wanaoweza kusafiri salama usiku, soko la bidhaa za ziada, na umeme usiokatika. Sera ya bei isiyoongozana na sera ya usafiri na ya usalama hubaki nusu.

Funzo la tatu ni la uthabiti. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilipata giza karibu nchi nzima. Kampuni ya usambazaji na kampuni ya upepo zilitofautiana hadharani: ya kwanza ilieleza kwamba kupotea kwa umeme wa upepo ndiko kulikoangusha gridi; ya pili ilieleza kwamba msongo wa gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi, na mitambo yake ikajiondoa ili isiharibike. Tarehe 6 Septemba 2024, kwa maelezo ya serikali, kukatika kwa njia ya Loiyangalani katika kituo cha Suswa kulifuatiwa na kukatika kwa njia inayoleta umeme wa Ethiopia. Ukubwa wa vyanzo viwili vilivyoondoka kwa mpigo ulizidi nafuu iliyokuwapo. Hapa ndipo mshauri wa sera anapopaswa kuuliza swali ambalo halimo katika hesabu ya ziada: endapo chanzo kikubwa kuliko vyote kitaondoka sasa hivi, ni nini kitakachoziba pengo lake ndani ya sekunde kumi?

4.0 Mahali na msimu: Tanzania na Uganda

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kilele cha mahitaji ya gridi ya Tanzania kilikuwa chini kidogo ya megawati 2,000. Kwa karatasi, bwawa moja lilitosha nchi. Lakini bwawa liko kusini mashariki, na umeme wake hupandishwa hadi Chalinze kabla ya kugawanyika. Arusha na Kilimanjaro ziko mbali. Upotevu katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu umbali mrefu huhitaji msongo mkubwa, na njia ndefu yenye msongo mdogo hupoteza umeme na kushindwa kuushikilia msongo huo mwisho wa safari.

Kwa mtazamo huo, kauli ya mwaka 2025 kuhusu umeme wa Ethiopia inaeleweka. Njia ya kilovoti 400 inayounganisha Kenya na Tanzania kutoka Isinya kupitia Namanga hadi Singida, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ilikuwa imeingia kazini mwishoni mwa 2024. Kwa mtumiaji wa kaskazini, umeme unaoingia Namanga unaweza kuwa karibu zaidi, kwa hesabu ya upotevu, kuliko ule wa Rufiji. Je, ni nafuu pia kwa bei? Hilo lilistahili kujadiliwa kwa tarakimu. Mjadala huo ulikuwa mgumu kwa sababu neno ziada lilikuwa limeshautangazia umma kwamba umeme ni ghala moja ambalo kila mkoa huchota kwa usawa.

Uganda inaonyesha sura nyingine ya mahali. Nalubaale, iliyofunguliwa mwaka 1954, Kiira, Bujagali ya megawati 250, Isimba ya megawati 183 na Karuma ya megawati 600, iliyozinduliwa Septemba 2024, zote ziko juu ya mto mmoja, Nile, na zote hutegemea maji yanayotoka Ziwa Viktoria. Mwaka 2005 na 2006, kina cha ziwa kiliposhuka, nchi iliingia katika mgawo mkali. Leo uwezo wa mitambo ya Uganda unazidi kilele cha mahitaji yake kwa mbali, lakini uwezo huo umetundikwa kwenye kamba moja. Ziada ya aina hiyo haimkingi mtu na ukame.

Msimu nao una dawa yake, na mfano mzuri uko katika kiwango kidogo. Huko Mufindi, mkoani Iringa, mradi wa Mwenga ulianza mwaka 2012 kwa mtambo wa maji wa megawati 4 uliohudumia vijiji na kuuza kinachobaki katika gridi ya taifa. Kiangazi mto hupungua. Mwaka 2020 ukaongezwa upepo wa megawati 2.4 ili kufidia miezi ambayo maji ni haba. Waliopanga mradi hawakuongeza megawati tu. Walitafuta chanzo ambacho msimu wake unaanzia pale ambapo msimu wa kile cha kwanza unaishia. Kanuni hiyo inafaa kwa kijiji na inafaa kwa taifa.

5.0 Kuvuka mipaka

Kanuni ya kuoanisha misimu ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuunganisha gridi. Mvua kubwa za nyanda za juu za Ethiopia hunyesha Juni hadi Septemba, wakati ambapo sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania imemaliza masika na bado haijapata vuli. Njia ya mkondo mnyoofu kutoka Wolaita Sodo hadi Suswa, yenye urefu wa kilomita 1,045 hivi na uwezo wa megawati 2,000, ilianza biashara Novemba 2022 kwa mkataba wa megawati 200. Iwapo itatumika kama njia ya kubadilishana misimu, na isiwe ya upande mmoja daima, mabwawa ya nchi moja yatakuwa akiba ya nyingine.

Kwa nchi ndogo, kushirikiana ni lazima. Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989 na kuendeshwa na shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Kongo, hutumia maji yatokayo Ziwa Kivu. Rusumo, katika Mto Kagera kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania, ina megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, kwa njia za kwenda Gitega, Shango na Nyakanazi. Kwa Tanzania, fungu la megawati 26 na ushei ni tone. Kwa Burundi ni sehemu kubwa ya umeme wote wa nchi.

Mradi huo una somo la ziada kwa wapangaji. Rusumo ilibuniwa upya ili itumie maji ya mto yanavyopita, bila ziwa kubwa la kuhifadhi, hatua iliyopunguza idadi ya watu ambao wangehamishwa. Uamuzi huo ulilinda makazi na mashamba; wakati huohuo ulipunguza uwezo wa mtambo kungoja saa ya kilele. Wenye kutathmini miradi wasiache mojawapo ya pande hizo mbili. Mizani ya gridi ina gharama ya kijamii, na ulinzi wa jamii una gharama ya mizani. Sera njema huzitaja zote kabla ya kuchagua.

Muungano pia husambaza hitilafu, kama tukio la Suswa lilivyoonyesha. Hivyo kila njia mpya ya kuvuka mpaka inahitaji makubaliano kuhusu nani anatunza akiba ya sekunde na ya dakika, na nani anailipia. Muungano wa Umeme wa Afrika Mashariki, ulioundwa mwaka 2005, ndio uwanja wa mazungumzo hayo.

6.0 Njia za kusawazisha

Njia zilizopo ni nne, na hakuna inayojitosheleza. Ya kwanza ni maji: kuyazuia mabwawani upepo na jua vinapotoa, na kuyaachia jioni. Kwa nchi zenye mabwawa ya mfululizo, kama yale ya Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere, hii ndiyo njia rahisi, mradi mahitaji ya wakulima na ya viumbe wa mtoni yaheshimiwe.

Ya pili ni betri. Betri ya Hornsdale, Australia Kusini, iliyoanza mwaka 2017 ikiwa na megawati 100, ilionyesha kwamba betri huitikia haraka kuliko mtambo wowote wa kuzunguka. Karibu na kwetu, kituo cha jua cha Golomoti nchini Malawi kina megawati 20 za paneli na betri ya megawati 5. Katika mfano wetu wa kubuni, betri ya megawati 70 inayodumu saa tatu ingeziba pengo lote la jioni kwa umeme uliokuwa ukipotea usiku, hata baada ya kutoa upotevu wa kuuweka na kuutoa.

Ya tatu ni kuhamisha matumizi. Pampu za maji za miji, majokofu ya samaki, vinu vya nafaka, hita za maji za hoteli na pikipiki za umeme vinaweza kutumia umeme saa ambazo upo kwa wingi. Ya nne ni njia za kusafirisha, zilizokwisha kujadiliwa.

Swali la mshauri ni lipi kati ya haya lina gharama ndogo kwa kila pengo mahususi. Pengo la sekunde halizibwi na njia ya kilomita 500. Pengo la msimu halizibwi na betri ya saa tatu. Pengo la Arusha halizibwi na mtambo mpya wa Rufiji.

7.0 Lugha ya mizani

Msamiati wa umeme katika Kiswahili una utajiri wake. Neno msongo limetwaliwa kutoka katika wazo la kusukumana, na kituo cha kupoza umeme hueleza kazi yake vizuri kuliko maneno mengi ya mkopo. Hata hivyo, katika suala la mizani lugha yetu imeegemea picha ya ghala.

Tazama majina ya malipo ya kabla. LUKU ya Tanzania ni kifupisho cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kadiri hapo ni kiasi, saa haimo. Yaka ya Uganda, kutoka Kiganda, inahusu kuwaka. Cash Power ya Rwanda na Burundi inahusu fedha. Hakuna jina linalomkumbusha mtumiaji kwamba wakati ni sehemu ya bei. Nchi itakayoanzisha bei ya saa kwa kaya italazimika kwanza kubadili dhana ambayo jina la mita limeipanda kwa miaka mingi.

Tazama pia neno mgawo. Asili yake ni kugawa, na kugawa humaanisha kila mmoja apate fungu. Kinachotendeka ni kukata baadhi ya maeneo kwa makusudi ili gridi isianguke. Neno hilo huficha swali la haki: nani hukatwa kwanza, na kwa kigezo gani? Tena neno hilohilo hutumika kwa umeme unaokatwa kwa upungufu, kwa matengenezo na kwa hitilafu, na mwananchi hujikuta hana njia ya kutofautisha.

Tatizo la tatu ni masafa. Katika redio, masafa ni idadi ya mitetemo. Katika matumizi ya kila siku ni umbali. Maandishi ya gridi huzungumzia yote mawili katika aya moja. Makala haya yametumia marudio kwa maana ya kwanza na umbali kwa ya pili, na yanapendekeza utaratibu huo ufuatwe.

Istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Mizani ya umeme: ulingano wa uzalishaji na matumizi pamoja na upotevu, katika kila sekunde.

Ziada ya saa: umeme unaozidi matumizi katika saa zilizotajwa.

Ziada ya mahali: umeme unaozidi matumizi ya eneo moja na ambao hauwezi kufika eneo jingine kwa sababu ya njia.

Ukataji wa mizani: kuwakatia umeme watumiaji kwa makusudi ili kuokoa gridi, tofauti na katizo la hitilafu na katizo la matengenezo.

Uzalishaji uliozuiwa: umeme ambao mtambo ungeweza kuutoa lakini ukaamriwa usitoe.

Malipo bila umeme: fedha zinazolipwa kwa mujibu wa mkataba kwa uzalishaji uliozuiwa.

Istilahi mbili za mwisho zina umuhimu wa pekee. Jambo lisilo na jina haliwekwi katika taarifa ya mwaka, na lisilowekwa katika taarifa haliulizwi bungeni. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaweza kuzijadili pamoja na wahandisi na wadhibiti wa nishati wa nchi wanachama, zikarekebishwa au zikabadilishwa na zilizo bora. Kinachohitajika ni kwamba Bujumbura, Kampala, Nairobi na Dodoma zitaje kitu kimoja kwa jina moja, kwa kuwa nyaya zimekwisha kuziunganisha.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba umeme jadidifu wa nchi zetu hauna tatizo moja la uchache wala tatizo moja la wingi. Upepo wa Loiyangalani una tatizo la saa, Rufiji lina tatizo la mahali, Nile ya Uganda ina tatizo la kutegemea chanzo kimoja, na Rusumo ina mvutano kati ya hifadhi ya maji na makazi ya watu. Kila moja lina dawa tofauti na mlipaji tofauti.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, tamko lolote la serikali kuhusu ziada au upungufu wa umeme litaje saa, eneo na msimu. Pili, wadhibiti wa nishati wachapishe kila mwaka, kwa Kiswahili pia, kiasi cha uzalishaji uliozuiwa na malipo bila umeme. Tatu, mradi mpya upimwe kwa pengo unaloliziba, na si kwa megawati zake peke yake. Mapendekezo haya hayahitaji mtambo mpya wala mkopo. Yanahitaji kwamba aliyeko gizani saa mbili usiku, na waziri anayemwambia kuwa umeme upo wa kutosha, wawe wanazungumza juu ya saa ileile.